Jinsi ya kukitazama, kukithamini na kukihakiki kinyago cha Kimakonde

Wengi wanaoingia kwenye vibanda vya vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, huuliza maswali mawili: "Hiki maana yake nini?" na "Bei gani?" Yote ni maswali halali, ila yakitangulia yanaziba macho. Muuzaji atakupa maana kwa neno moja, umoja au upendo au familia, nawe utaridhika na kuacha kutazama. Bei nayo ikishatajwa, mawazo yanahamia mfukoni.

Babu yangu mzaa mama alivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kuja kukata mkonge, na wanawe wakawa wachongaji. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mkubwa sana katika ukoo, na mimi nimelelewa kwenye vumbi la mpingo la wajomba. Nilipiga msasa, nilipaka nta, nilifagia vipande vya mti, na niliwasikia wazee wakikosoana kazi zao kwa maneno makali lakini ya haki. Siku hizi huwapeleka vijana wa sekondari vibandani wakajifunze kutazama. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza nyuma

Muuzaji hupanga vinyago vikiwa vimeelekeza uso njiani. Msalimie, kama ni mzee mpe shikamoo yake, omba ruhusa ya kukishika kimoja, kisha kigeuze. Picha ina ukuta nyuma yake. Kinyago hakina, ni kitu cha pande zote. Fundi mwenye haraka humalizia nguvu zote usoni: macho, midomo, vidole vya mbele. Ukikigeuza unakuta mgongo mrefu tambarare ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Fundi hodari hukuwekea nyuma jambo jingine kabisa: kisigino kilichokanyaga kwa nguvu, bega lililoinuliwa na mzigo ambao kwa mbele huuoni, mtoto aliyejishikiza kwenye nyonga ya mtu ambaye uso wake uko upande wa pili. Mjomba wangu mkubwa akiletewa kazi ya kijana aikague, hakuanza na uso. Aliweka kidole kwenye uti wa mgongo akaushuka taratibu hadi kitakoni.

Baada ya mgongo, tazama matundu. Kwenye vinyago vya watu wengi waliopandana, vile tunavyoviita ujamaa, nafasi iliyo wazi kati ya mkono na kiwiliwili imechongwa sawasawa na mkono wenyewe. Chungulia ndani yake. Tundu zuri linakupeleka mahali: unaona goti la mtu mwingine, au mwanga wa upande wa pili, au uso uliojificha ndani ambao huwezi kuufikia kwa njia nyingine. Tundu baya ni la keekee tu, duara safi lililotobolewa ili kinyago kionekane kina kazi nyingi. Humo ndani pia ndimo mkono wa fundi unamobaki ulivyo. Msasa haufiki, kwa hiyo alama za patasi zinaonekana. Zikiwa zimepangwa, zinafuata mzunguko wa kiungo, ujue aliyechonga alikuwa makini hata pale alipojua hakuna atakayetazama. Zikiwa zimeparuliwa ovyo, hiyo nayo ni habari.

Halafu kitoe kibandani. Mpingo ni mweusi na ukishang'arishwa vivuli vyake havionekani vizuri; umbo lake tunalisoma kwa mng'ao, ule mstari mwembamba wa mwanga unaokimbia juu ya shavu, juu ya kiwiko, juu ya ukingo wa sikio. Jua la saa tatu asubuhi, likija kwa ubavu, litakuonyesha mstari huo. Kigeuze polepole uufuate. Kwenye kazi nzuri mstari unatoka kwa mtu mmoja ukaingia kwa mwingine bila kukatika, jicho likapanda kinyago chote. Kwenye kazi dhaifu unavunjika kila mahali, jicho likabaki limesimama.

Sasa chukua daftari. Andika unachokiona tu, bila neno "kizuri" na bila neno "maana". Nani yuko chini, nani yuko juu, mikono imeshika nini, nani anamtazama nani, nani hatazamwi. Vijana huliona zoezi hili la kitoto mpaka wanapolifanya. Binti mmoja aliandika mbele ya ujamaa mmoja mrefu wa kufika kiunoni: "Bibi wa chini kabisa amefumba macho. Wengine wote wamefumbua." Kinyago kile kilikuwa pale kibandani muda mrefu na watu walikuwa wakikipita. Nitakirudia baadaye, kwa sababu uhakiki wetu mzima wa siku ile ulitoka kwenye sentensi hizo mbili.

Mti na mkono

Huwezi kumhukumu mchongaji kabla hujajua alikuwa anashindana na nini. Mpingo ni mti unaokua taratibu mno. Miaka 70 na zaidi hupita kabla haujafaa kuvunwa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, mita moja ya ujazo ikizidi kilo 1,200, na ugumu huohuo ndio unaoufanya utakiwe Ulaya kwa kutengenezea klarineti. Gogo lake mara nyingi halinyooki. Lina mafundo, mipindo, mashimo katikati. Nje kuna tabaka la rangi ya maziwa, ndani ndiko kweusi. Mchongaji huliondoa ganda kwa tezo, halafu hukaa na gogo, akalizungusha, akatafuta njia. Wajomba hawakuchora kwenye karatasi. Gogo likinyooka walitoa ujamaa; likiwa na kona na shimo, walitoa shetani, yaani kinyago cha pepo.

Ndiyo maana, ukishika kinyago, jaribu kukisia gogo lilikuwaje. Tafuta mahali ambapo tabaka jeupe limeachwa makusudi, pengine likawa kilemba au ukingo wa nguo. Tafuta fundo limegeuzwa kuwa goti, ufa umegeuzwa kuwa mdomo. Hapo ndipo akili ya mchongaji inapoonekana, na ndipo mimi hupata raha kubwa kuliko kwenye ulaini wa polishi. Polishi ni kazi yangu mimi wa msasa.

Kuhusu mti wa kughushi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa watu hulifanya ndilo jambo kubwa. Mti mwepesi hupakwa rangi nyeusi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Futa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu uone kama kinatoka weusi, pima uzito mkononi, tazama kitako kama kuna mkwaruzo unaoonyesha mti mweupe ndani. Ukiona umedanganywa, umedanganywa kuhusu mti. Kuhusu sanaa bado hujajua lolote. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, mmoja wa wasanii wa Kimakonde waliojulikana zaidi duniani, alichonga pia kwenye miti laini na kuipaka rangi kali: mashetani yenye masikio makubwa, midomo iliyopanuka, mikono ya vidole viwili au vitatu. Anayezithamini kazi kwa mpingo peke yake atampita Lilanga bila kusimama.

Jua kimetoka wapi

Kuna mambo machache ya historia ambayo bila hayo utasifu kisichostahili na kudharau kinachostahili.

La kwanza: kuna uchongaji wa Kimakonde wa zamani na kuna huu wa vibandani. Ule wa zamani ulikuwa wa vinyago vya kuvaliwa kichwani kwenye ngoma ya mapiko, wakati wa jando na unyago, vilivyochongwa kwa miti myepesi ili mchezaji aweze kucheza navyo, vikiwa na chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, kwenye mdomo wa juu, pengine na nywele halisi za binadamu. Kulikuwa pia na sanamu za mwanamke, mama mwenye asili ya ukoo. Wazee husimulia kwamba mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, nayo ikawa mke wake na mama wa Wamakonde wote. Ndiyo maana mwanamke huyu haishi kurudi kwenye kazi zetu, na ndiyo maana mara nyingi yeye ndiye aliye chini akibeba.

La pili: mitindo unayoiona madukani ni ya juzi. Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuja Tanganyika, wengine wakifuata kazi za mashamba ya mkonge, wengine wakikimbia utawala wa Wareno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Huku walikutana na wanunuzi wa mijini, na hapo uchongaji ukabadilika kwa kasi. Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950, akimfanyia kazi mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam, ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani. Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kwa ule wa watu waliopandana, ambao baadaye, siasa ya Mwalimu Nyerere ilipotawala, ulipata jina la ujamaa. Kwa hiyo mtu akikuambia ujamaa anaokuuzia una miaka mia mbili, mshukuru, urudishe mezani.

La tatu: kila mtindo uhukumiwe kwa sheria zake. Binadamu ni mtindo wa maisha ya kawaida, mzee na kiko chake, mama na mtungi, na humo uzito wa mwili na mkao lazima viaminike. Shetani ni pepo wa porini, mwenye jicho moja, tumbo lenye tundu, mguu uliogeuka pembe. Kumlaumu kwa kuwa "hafanani na mtu" ni kumkosea. Muulize swali jingine: je, kiumbe hiki kingeweza kusimama, kutembea, kukutisha? Au ni viungo vilivyokusanywa tu? Mawingu nao una mikunjo iliyo karibu na kuacha umbo la mtu kabisa. Humo mstari wa mwanga niliousema ndio karibu kila kitu. Na mapiko yaliyotundikwa ukutani yanahitaji uyafikirie yakiwa juu ya kichwa cha mtu anayecheza, yakionekana kwa mbali, yakitingishika.

Nenda Makumbusho ya Taifa au Kijiji cha Makumbusho kabla hujaenda dukani. Jicho likishashiba kazi nzuri, kazi duni inajitaja yenyewe.

Thamani

Kuna waandishi walioidharau sanaa hii kwa sababu ilikua kwa fedha za wageni. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Michelangelo alilipwa na Papa kuchora dari la kanisa la Sistine kati ya 1508 na 1512, na hakuna anayesema malipo yaliharibu ile kazi. Mjomba alichonga ili watoto wale. Swali la haki ni hili: fedha ilimfanya aache kufikiri, au ilimpa mpingo na muda wa kufikiri zaidi? Na jibu lake liko kwenye kila kinyago peke yake, siyo kwenye soko zima.

Kurudia nako kueleweke. Utaona ujamaa unaofanana kwenye vibanda vinne. Wachongaji huiga wazi, kijana hujifunza kwa kuiga kazi ya mkubwa wake, na mbunifu mwenyewe hurudia kazi iliyopata mnunuzi. Kwetu hiyo haikuwa aibu. Kwa hiyo ukitaka kuthamini, usisake kisichofanana na kingine chochote. Vipange viwili vinavyofanana kando kwa kando, uulize: huyu wa pili ameamua nini? Ameshusha kichwa kidogo? Amempa mtoto mgongo badala ya uso? Kama ameamua jambo, hata dogo, huyo ni mchongaji. Kama nyuso zote kumi na mbili zina jicho lilelile, pua ileile, kwa kina kilekile, huyo amefanya kazi ya kuhesabiwa vipande, na huenda analipwa hivyo. Usimtukane. Ila usikiite kinyago chake kitu ambacho sicho.

Bei haitakusaidia katika haya. Bei hufuata ukubwa, mti, kodi ya kibanda, na sura ya mnunuzi. Nimeona kazi ya kiganja kimoja, shetani aliyejikunja kama mtu anayeumwa tumbo, ikiuzwa kwa pesa ya chakula cha mchana, na hadi leo ninaikumbuka kuliko nguzo za mita mbili.

Kusema

Sasa turudi kwa bibi aliyefumba macho. Mwenye kazi alikuwa mzee wa palepale, na vijana walitakiwa kumhakiki mbele yake. Hii ni sehemu ngumu, kwani kwetu kijana hamwambii mzee "umekosea". Ila nimewaona wajomba wakifanya, na wana utaratibu wao: kwanza taja ulichokiona, kwa kukigusa, kisha uliza, mwisho ndipo useme linalokukwaza, nalo liwe na mahali pake kwenye mti. "Kichwa hiki kinanipotea hapa" linavumilika. "Sijakipenda" halina pa kushikwa.

Nakala tuliyoiandika ilikuwa hivi, takribani:

"Kinyago kinaanzia kwa bibi aliyepiga magoti, macho amefumba, watu wote wakiwa juu yake. Kila aliye juu ametazama nje, kama anayesubiri mgeni, na hakuna anayemtazama bibi. Mgongo wake umechongwa kwa kina kuliko wa wengine, mbavu zinahesabika. Hivyo sisi hatuuoni umoja peke yake, tunaona pia nani anayeulipia. Tunaisifu kazi kwa hilo. Lakini theluthi ya juu imelegea: nyuso tatu za mwisho ni za kina kifupi, macho yanafanana, na mng'ao uliopanda vizuri kutoka kwa bibi unakatika pale begani mwa kijana wa kushoto."

Angalia kilichomo. Sifa ina sababu, na sababu ina mahali. Maana imetokana na mbavu na macho, haikuokotwa kwa muuzaji. Lawama nayo ina mahali, kiasi kwamba mwenye kazi angeweza kutuonyesha kuwa tumekosea.

Na alijaribu. Alisikiliza yote, akakigeuza kinyago, akagonga juu kwa kucha. "Huku ndani kuna shimo, mwanangu. Gogo lilikuwa limeoza katikati. Ningechimba zaidi, vichwa vingetoboka." Vijana wakanyamaza, wakidhani wameshindwa.

Hawakushindwa. Mhakiki akipewa sababu kama hiyo anapaswa kuipokea, kwani sasa anajua jambo la kweli kuhusu kazi; lakini sababu ya udhaifu haiondoi udhaifu. Binti yule wa daftari aliuliza kwa adabu: "Babu, na ukiliacha lile shimo lionekane?" Mzee alifikiri. Alisema wachongaji wa mashetani wangefanya hivyo, ila mnunuzi wa ujamaa hataki tundu kichwani. Basi hapo tukafika kwenye kiini chenyewe, uamuzi uliofanywa na soko na uamuzi uliofanywa na mchongaji vikiwa katika gogo moja, na kila kijana akaandika upande wake. Mimi nilikuwa upande wa binti. Tundu lile lingekuwa sahihi.

Neno moja kuhusu kutopenda. Kuna kazi utakayoiheshimu usiipende, na nyingine utakayoipenda ilhali unajua ni dhaifu. Ziandike zote mbili kwa uaminifu, ukitenganisha lipi ni la jicho lako na lipi ni la kinyago. Mimi sipendi polishi inayong'aa sana, inaniumiza macho na inafuta alama za patasi. Hilo ni la kwangu, na silitumii kumpunguzia mtu alama.

Jina

Kabla hujaondoka, muulize muuzaji nani aliyechonga. Atakuambia "Wamakonde". Uliza tena. Vinyago vyetu vingi vimejaa kwenye kabati za makumbusho na sebule za watu, hapa na ng'ambo, vikiwa na jina la kabila na bila jina la mtu. Uhakiki usiomtaja mchongaji hauwezi kumfuatilia: huwezi kujua kama alikua, kama alijirudia, kama kazi ya mwaka juzi ilikuwa na ujasiri zaidi. Mara nyingi mchongaji yuko nyuma ya kibanda palepale, miguu imelishika gogo, tezo mkononi. Nenda umwone. Muulize gogo lilitoka wilaya gani, alianzia wapi kukata, sehemu gani ilimtesa.

Kisha kata kipande cha karatasi, andika kwa penseli, maana wino hufifia, na ukibandike chini ya kitako: jina lake, mahali alipochongea, mwaka, aina ya mti. Ukifika nyumbani kiweke mbali na kiyoyozi na mbali na jua la dirishani, la sivyo kitapasuka. Na kiwe mahali unapoweza kukizunguka.